Kutoka Vidunda Kwenda Kuona Chaza wa Mdogo Wangu

Niliondoka Vidunda kwa sababu ya redio. Asubuhi moja nilikuwa jikoni nakoroga uji wa mama, yeye akichambua maharage mlangoni, mara tukasikia sauti ya mdogo wangu Felista ikitoka redioni. Mtangazaji alisema tunaongea na mwenyekiti wa kina mama wanaolinda miamba na chaza katika kijiji cha Mikokoni, pwani ya Tanga. Mama akaninyooshea mkono ninyamaze, ingawa sikuwa nimesema neno. Felista akaeleza jinsi bahari yao ilivyokuwa inakufa na jinsi walivyoirudisha. Alipomaliza, mama alifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema, "Huyo ndiye niliyemzaa mimi."

Uji ukaungua.

Lazima niwaeleze, ndugu zangu wa Vidunda, maana wengi wenu mnamkumbuka Felista kwa jambo lingine. Ndiye aliyeolewa na Bakari, yule kijana wa Tanga aliyekuja Ruaha kukata miwa. Akamfuata kwao, akabadili dini, na mama akalia wiki nzima kanisani na nyumbani. Kwa miaka mingi jina lake lilitajwa kwa sauti ya chini. Mimi ndiye niliyebaki. Mimi ndiye ninayemlimia mama, ninayemchotea maji, ninayeteremka naye hadi Kidodi miguu yake ikivimba. Hakuna mtangazaji aliyewahi kupanda Vidunda kuniuliza nafanyaje.

Wiki hiyo hiyo Felista akapiga simu. "Shikamoo dada. Maji ya bamvua yakija tunafungua mwamba. Njoo uone." Bamvua ni siku zile bahari inapojaa sana na kurudi nyuma sana, miamba ikabaki wazi. Nilikubali kabla hajamaliza. Mama nilimwambia nakwenda kumsalimia mdogo wangu. Ukweli ni kwamba nilikwenda kumtafutia kosa. Nilitaka nirudi na kitu kimoja tu cha kumwambia mama, kwamba mambo ya redioni ni ya redioni.

Saa kumi na mbili asubuhi niliteremka mlima kwa bodaboda, kikapu changu kikiwa na maharage, ndizi na buti za mpira za mume wangu. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya miwa ya Ruaha. Hapo nikapata gari ya Mikumi, nikakaa dirishani, nikahesabu moyoni mambo yote niliyoyafanya kwa miaka hii bila kusifiwa. Hesabu haikuisha mpaka tunafika.

Mikumi mjini nilisubiri basi la kutoka Iringa. Mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma aliniuliza naenda wapi. Nikasema Tanga, kwa mdogo wangu.

"Anafanya nini huko?"

"Anaokota okota vitu baharini," nikamjibu, na nikafurahi jinsi nilivyolisema.

Tulipoingia hifadhini dereva alipunguza mwendo. Twiga wawili walikuwa wamesimama karibu na lami, na nyani walikaa kwenye matuta kama watu wanaongoja usafiri. Abiria wa Dar walitoa simu zao kupiga picha. Sisi tuliozaliwa huku hatushangai, na kwa saa nzima hiyo nilijiona mtu wa maana, mwenyeji kati ya wageni. Msamvu, Morogoro, nilibadili basi. Chalinze, Segera, Muheza. Milima ikashuka, mkonge ukaja, halafu minazi, na hewa ikaanza kushika ngozi. Jioni nikashuka stendi ya Tanga.

Felista alikuwa ananingoja. Amenenepa kidogo, amevaa baibui, na viganja vyake vimejaa makovu madogo. Alipiga goti pale pale stendi. "Shikamoo dada."

"Marahaba," nikasema. Sikumwinua haraka.

Tulilala mjini kwa wifi yake, na asubuhi tukaenda Mikokoni kwa gari dogo, mwendo wa saa mbili hivi. Njia nzima watu walimsimamisha. Mama Zulfa, kesho vipi? Mama Zulfa, visu vimenolewa? Zulfa ni binti yake mkubwa. Na mimi nikapewa jina langu: dada wa Mama Zulfa. Nina miaka sita zaidi yake, nilimbeba mgongoni nikiteka maji, na hapo nimekuwa dada wa mtu.

Mchana ule Felista alinionyesha chaza kwa mara ya kwanza. Kwa ninyi msiowahi kuwaona: ni mnyama anayeishi ndani ya magamba mawili magumu, mfano wa konokono asiyetembea. Amejigandisha kwenye jiwe au kwenye mzizi wa mkoko, na hapo ndipo atakapokaa maisha yake yote, akifyonza maji ya bahari, akichuja chakula chake na kuyatoa yakiwa safi zaidi.

"Zamani tulikuwa tunakuja na mitaimbo," Felista alisema. "Tunavunja jiwe zima, tunapata chaza wakubwa na wadogo, na matumbawe tunayakanyaga tu. Magamba tunachoma chokaa. Mwishowe mtu anashinda pwani tangu maji yanapokupwa mpaka yanarudi, anapata bakuli moja. Maji yakawa machafu. Samaki wadogo waliokuwa wanajificha kwenye matumbawe wakaondoka. Hapo ndipo tukasema, tufunge."

Akanionyesha mwamba wenyewe, mrefu, mweusi, umelala upande wa kaskazini wa ghuba. Katikati walikuwa wamesimamisha safu ya vigingi vyenye vitambaa vyekundu. "Dada, angalia vizuri. Huku kusini ndiko tunakofungua kesho. Ng'ambo ya vigingi hakuna mtu kugusa mpaka mwaka mwingine. Ni chaza wadogo, ndio kwanza wanakua." Alinishika mkono akaunyoosha kuelekea kwenye vile vitambaa, kama mtu anayemfundisha mtoto.

Nikautoa mkono wangu.

Nilikuwa nimekwisha tembea kijiji kizima nikitafuta kosa. Nyumba yake ni ya matofali ya kawaida, bati limeshika kutu. Watoto wake wana adabu. Bakari alinipokea kwa heshima, akaninunulia soda. Hata mama mkwe wake, Bi Mwanaidi, mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito, hakuwa na baya la kusema. Nilipomsalimu shikamoo aliitikia, "Marahaba mwanangu, karibu. Umetuletea mtu wewe, jua hilo." Nilimshukuru. Moyoni nilitamani angesema mkwe wake ni mvivu.

Saa nne asubuhi, siku ya bamvua, bahari iliondoka kama mtu aliyeitwa. Kina mama wote wa kijiji waliteremka na ndoo na visu vifupi, wakiimba. Felista alitangulia. Kila mmoja alikuwa na kibao kidogo chenye tundu: unamwekea chaza kibao akiwa bado jiweni, na akipita ndani ya tundu bado ni mtoto, unamwacha. Unapima kwanza, maana ukishambandua huwezi kumrudisha. Atakufa.

Sikutegemea nilichokiona. Katika vidimbwi kulikuwa na matumbawe ya rangi ya kahawia na ya zambarau, na samaki wadogo wa manjano wanaingia na kutoka kama nyuki. Maji yalikuwa angavu hadi niliona vidole vya miguu ya jirani yangu. Nilisimama pale na buti za mume wangu, na badala ya kufurahi nikaanza kutafuta kasoro, nisiione. Amefanya kweli. Felista, aliyekuwa anaogopa kuvuka mto wetu akiwa msichana, amefanya haya yote kweli.

Nikaanza kazi. Kisu kiliteleza, magamba yakanichana vidole. Wenzangu walikuwa wanabandua kwa mkunjo mmoja wa kiganja. Mama mmoja akaziangalia buti zangu akacheka, "Dada wa Mama Zulfa, umekuja kulima mpunga?" Wakacheka wote, kwa wema, lakini wakacheka. Felista naye alicheka. Ndoo yake ilikuwa imefika nusu. Yangu ilikuwa na chaza saba.

Nikasogea. Nikasogea tena. Nikazunguka pembe ya mwamba ambapo hawanioni, na vigingi vilikuwa hapo, hatua tatu kutoka kwangu. Nitasema ukweli kwa sababu nimeahidi kusimulia yote: nilivijua. Nilikumbuka hata mkono wake juu ya mkono wangu. Nikavuka. Kule chaza walikuwa wamejaa kama punje kwenye hindi, wadogo, laini kubandua. Sikupima hata mmoja. Palipokuwa pagumu nilipiga kwa jiwe, na kipande cha tumbawe kikang'oka nacho nikakisukuma pembeni kwa buti. Ndoo ilijaa upesi. Nikaifunika na majani ya bahari nikarudi nikitabasamu.

Maji yalipoanza kurudi tulipanda mchangani. Nilidhani kila mtu ataenda kwake. Kumbe kuna ukaguzi. Walitandika maturubai, na mmoja mmoja akamwaga ndoo yake mbele ya wote, kibao kikapita juu ya chaza. Mwenyekiti ndiye anayekagua, na ya kwake inakaguliwa na Bi Mwanaidi. Zamu yangu ilipofika nilisema nina kizunguzungu, nikapumzike kwanza. Zulfa akanisaidia ndoo kwa heshima zote na kuimwaga.

Wakainama kuangalia. Chaza wangu walikuwa wadogo kama kucha za kidole gumba, rundo zima, na katikati yao kipande cha tumbawe.

Bi Mwanaidi alikuwa wa kwanza kusema. "Huyu mgeni. Katoka milimani, hajui. Tumsamehe."

Wengine wakaitikia, ndiyo, mgeni, hajui. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Felista alikuwa amepiga magoti kwenye turubai, kibao mkononi. Hakuinua uso.

"Dada, ulijua?"

"Sikujua," nikasema.

Hapo akaniangalia. "Jana nilikuonyesha kwa mkono wako."

Watu wote walisikia. Nilijisikia kama nimevuliwa nguo. Felista akasimama, akakung'uta mchanga magotini, akasema kwa sauti ile ile niliyoisikia redioni, "Sheria tuliitunga wenyewe. Aliyevuka vigingi havuni msimu huu, na anabeba magamba kuyarudisha mwambani siku tatu. Na akiwa mgeni, nyumba iliyompokea nayo haivuni." Akaiinua ndoo yake mwenyewe, iliyojaa chaza wakubwa aliowangoja mwaka mzima, akaimwaga kwenye rundo la kikundi. Zulfa akamwaga ya kwake. Bakari alikuwa amesimama juu ya ufuko. Aliona, akageuka akaenda zake.

Siku ile sikula. Nilijifungia chumbani nikifunga kikapu changu, nikisema maneno makali peke yangu. Nikamwambia Felista kupitia mlangoni, "Mimi ndiye niliyekulea, na leo umeniaibisha mbele ya watu wako." Alijibu, "Kesho saa tano maji yatakuwa yametoka, dada. Utavaa ndala, buti zinaharibu." Akaenda kumenya vitunguu.

Kesho yake saa tano niliteremka. Ningeweza kuondoka, gari lilikuwepo. Nadhani nilibaki kwa sababu nilitaka kumwona akinisimamia kama bwana shamba, nipate la kumsimulia mama. Lakini nilimkuta ameshajaza matenga mawili ya magamba, moja langu na moja lake.

"Wewe unabeba ya nini?"

"Nyumba yangu imekosea."

Tulibeba, yeye mbele, mimi nyuma. Magamba makavu ni mepesi kuliko yanavyoonekana lakini yanakata bega. Tuliyapanga kwenye mashimo ya mwamba, hata pale nilipopiga kwa jiwe. Nikauliza yanafanya nini. Akaniambia chaza mchanga huelea majini akitafuta pa kushika, na anachokipenda kuliko vyote ni gamba la chaza mwenzake. Mahali ambapo magamba yote yamechomwa chokaa hapati pa kukaa, anapotea.

Katika safari ya tatu au ya nne niliweka tenga chini. "Felista, kwa nini hukunisamehe? Walikuwa tayari. Hata mama mkwe wako."

"Yeye ndiye wa kwanza," akasema.

"Wa kwanza nini?"

"Kuvuka. Mwaka tuliofunga mwamba mara ya kwanza, mama mkwe alivuka usiku akachukua ndoo nzima. Alisema mwamba ni wa babu zake. Nilimhukumu mbele ya wote. Akakaa miezi minne hanisalimii, tunaishi ua mmoja. Bakari alitaka kunirudisha Vidunda." Akalitafutia gamba mahali pake. "Lakini baada ya pale hakuna aliyevuka tena. Watu walikuwa wanangoja kuona kama ni sheria au ni maneno. Jana wamengoja tena."

Hapo nikakaa juu ya jiwe. Kuna jambo sijawaambia, na wengi wenu mnalijua vizuri zaidi yangu. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya chemchemi yetu kule juu. Miaka minne nimeimba kwamba watu wasilime karibu na chanzo cha maji. Nimeitisha mikutano, nimepigwa picha na bwana kilimo, na kila masika matuta ya maharage yanasogea karibu zaidi na maji yanapungua. Nimewaita wakaidi. Nimesema watu wa Vidunda hawaelewi. Na siku zote hizo, chini kidogo ya chemchemi, ndani ya mpaka nilioupima mwenyewe, kuna bustani ya kabichi ya baba Deo. Mume wangu. Nilikuwa nasema hiyo ni bustani tu.

"Nilikuwa nakuonea wivu," nikamwambia Felista. Yalinitoka hivyo, juu ya mwamba, mikono inatoka damu.

"Najua, dada. Tangu stendi ulikuwa umenuna."

"Sikuja kukusalimia."

"Najua na hilo." Akaniangalia, akacheka kidogo, kisha hakucheka. "Mama anasemaje kuhusu mimi?"

Nilitaka kumpunja. Ninakiri, hata hapo nilitaka. Ningesema hasemi kitu. Nikamwambia ukweli, kuhusu redio na macho aliyoyafuta kwa kanga. Felista aligeukia bahari, nami nikaendelea kupanga magamba.

Siku tatu zilipokwisha nilirudi. Bi Mwanaidi alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia, "Mimi ilinichukua miezi minne. Wewe siku tatu. Umenishinda." Sikubeba chaza hata mmoja, sikuwa na haki hiyo. Nililala mjini Tanga, alfajiri nikapanda basi: Segera, Chalinze, Msamvu. Hifadhini tembo walikuwa wanavuka na basi likasimama kuwapisha, na safari hii sikujali nani mwenyeji nani mgeni. Nilishuka Mikumi saa tisa mchana, na jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipofika kwa mama.

Nilimsimulia yote, bila kujificha. Nilitegemea atanihurumia au atanigombeza. Mama alisikiliza hadi mwisho, akapiga paja. "Felista kafanya hivyo? Kakuhukumu wewe, mkubwa wake? Kumbe mtoto yule ana msimamo namna hiyo!" Na akaanza kumsifu upya. Hata aibu yangu ilimwongezea Felista sifa. Niliingia jikoni nikakaa kando ya moto, na ule wivu ukaja tena kama kawaida yake. Sijaupona. Nimejifunza tu kwamba mtu anaweza kuwa nao na bado akaamka asubuhi akafanya linalompasa.

Asubuhi nilimwambia baba Deo kuhusu bustani. Alidhani natania. Nilipochukua jembe akauliza kama nimerogwa huko pwani. Hakunifuata, na jioni alikula bila kunitazama, na siku ya pili vilevile. Nilivuna kabichi zilizokomaa, nikang'oa zilizobaki, nikayasawazisha matuta peke yangu kuanzia ukingo wa maji.

Siku ya tatu Mama Tumaini alisimama ng'ambo. Huyu ndiye mwenye matuta makubwa ya maharage kupita wote pale juu, na katika kila mkutano ndiye aliyekuwa akinijibu. Alinitazama nikifanya kazi mpaka jasho likanitiririka, jembe lake begani.

"Hizo kabichi si za baba Deo?"

"Ni zake."

"Na amekubali?"

"Hajakubali."

Akayatazama matuta yangu yaliyolala, akayatazama maharage yake yaliyoanza kutoa maua.

"Haya basi," akasema. "Ngoja nivune haya kwanza."